Kumwendea Barista Bila Solisita

Katika Uingereza na Wales kazi ya uwakili imegawanywa tangu zamani baina ya watu wawili: solisita, ambaye humpokea mwenye shauri, humsikiliza, humwandikia hati na kuuendesha mwenendo mzima wa madai, na barista, aliyelelewa katika mojawapo ya nyumba nne za kale za London, yaani Inner Temple, Middle Temple, Lincoln's Inn na Gray's Inn, ambaye hutoa rai juu ya sheria na kusimama mbele ya jaji. Raia wa kawaida ilimbidi apitie kwa solisita ndipo amfikie barista, na kuwalipa wote wawili, hata mwaka 2004 kanuni zilipolegezwa akaruhusiwa kumwajiri barista moja kwa moja katika mashauri mengi. Na mwaka 2010 ruhusa hiyo ikapanuliwa katika mambo ya jinai, ya familia na ya uhamiaji.

Wanaoisifu ruhusa hii wana hujja nzito. Mtu anayetaka kujua tu kama mkataba wake una nguvu, au aliyekwisha kuzikusanya nyaraka zake akabakiwa na siku moja ya kusemewa mahakamani, ana haki ya kuuliza kwa nini alipe ujira wa mtu wa pili. Huwasiliana na karani wa chemba, yaani ofisi ya mabarista, wakaafikiana ada, ambayo aghalabu hulipwa kabla ya kazi kuanza. Naye barista hana budi kumwandikia barua ya kubainisha kazi atakayoifanya na kiasi atakachotoza. Katika mashauri ya namna hiyo naiona ruhusa kuwa ni insafu, wala sioni kwamba heshima ya desturi peke yake ilitosha kuizuia.

Ama barua ile ni wajibu isomwe mpaka mwisho, kwani humo mna mambo ambayo barista hatayafanya. Isipokuwa wachache waliopata kibali maalumu, mabarista hawana idhini ya kuendesha shauri: hawafungui madai mahakamani kwa niaba ya mteja, wala hawampelekei mdaiwa hati. Na fedha za mteja hakuna barista azishikaye. Kazi hizo hazikufutwa kwa kuondoka solisita. Zimemwangukia mwenye shauri. Mtazame mama anayegombania malezi ya wanawe, ambaye usiku, watoto wakishalala, huketi jikoni na barua za shule, taarifa za benki na maandishi ya simu, kila karatasi aitie nambari, mbele aweke faharasa, atoe nakala za mahakama na za upande wa pili, na yote yafike kabla ya siku iliyotajwa katika amri ya jaji. Asubuhi ya shauri barista, hodari kama alivyo, hufungua ukurasa anaoutegemea akaukuta haumo, ilhali ng'ambo ya pili solisita wa mume amekwisha kulipanga jalada lake tangu wiki iliyopita.

Pana na jambo jingine, lisilotajwa sana. Barista anayeletewa na solisita shauri linalolingana na elimu yake, akiwa na nafasi na ada ikiwa ya haki, hana ruhusa ya kulikataa kwa sababu tu mteja anachukiza watu. Lakini kanuni hiyo tukufu haimfungi kwa mteja anayekuja mwenyewe. Basi mnyonge aliyekataliwa hawezi kuitumia kama ngao.

Hayo yote yangevumilika lau mlango huu wa kumwendea barista moja kwa moja ungekuwa hiari tupu. Lakini msaada wa serikali wa gharama za mashauri, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1949, ulipunguzwa mno kwa sheria ya mwaka 2012 iliyoanza kutumika Aprili 2013, na magomvi mengi ya talaka na malezi ya watoto yakatolewa humo. Tangu hapo wako wanaomwendea barista peke yake kwa kuwa mfuko wao hauwatoshi wawili, na mimi nashikilia kwamba dola inayouhesabu mlango huu kuwa badala ya msaada ule inawadhulumu.

Sisi wa Afrika Mashariki, ambako wakili mmoja huandika hati na huyo huyo akaitetea mahakamani, tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Kamati ya jaji wa Kiingereza, Lord Denning, juu ya mafunzo ya sheria kwa Waafrika, iliyotoa taarifa yake mwaka 1961, iliona kuwa Waafrika waliosomea ubarista London walikuwa wakirejea kwenye kazi ambayo nusu yake hawakufundishwa. Na mwaka huo huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam. Ikiwa nusu hiyo ilimwelemea msomi aliyehitimu, vipi atwikwe mama yule wa jikoni?

Kanuni za sasa tayari zinamtaka barista akatae kazi anapoona kwamba maslahi ya mteja yanahitaji solisita. Rai yangu ni kwamba wajibu huo ukazwe zaidi pale ambapo mtoto, nyumba au uhuru wa mtu umo hatarini na upande wa pili una solisita, na kwamba mteja anayekataliwa kwa sababu hiyo, naye hana uwezo, alipiwe solisita na hazina ya serikali.