Nunguni wanaulizwa, Likoni je?

Mwezi jana nilikwenda Nunguni kwa mazishi. Mwenzangu niliyefanya naye kazi miaka mingi Mombasa alifiwa na babake, nasi tukachanga nauli, tukapanda basi la usiku, tukashuka Salama alfajiri. Kutoka hapo ni kupanda milima ya Kilungu, kona baada ya kona, na baridi ambayo sisi watu wa Pwani hatuna dawa yake. Koti nililoazimwa sikulivua mpaka siku ya kurudi.

Kesho yake nikashuka sokoni. Katikati ya kelele za Kikamba nikasikia mtu akitaja bei kwa Kiswahili ambacho si cha huko. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, kakaa nyuma ya kabeji na sukumawiki. "Njoo mwanangu, chukua hizi, zingali na umande." Nikamuuliza, mama, Kiswahili hiki umekitoa wapi? "Likoni," akasema. "Nimekaa Likoni miaka kumi na minne. Tulitoka tisini na saba."

Hakuongeza neno, wala haikuhitajika. Msomaji wa umri wangu akisikia Likoni na 97 katika sentensi moja anajua. Kwa vijana nieleze kidogo: usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na kuchomwa, polisi wakauawa, silaha zikaibwa. Siku zilizofuata walioitwa wabara, wakiwemo Wakamba, Waluo, Wakikuyu na Waluhya, walishambuliwa majumbani na vibandani. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama, wengi wakianzia kulala katika uwanja wa kanisa. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998, ikamaliza kazi mwaka uliofuata, na ripoti yake ikafungiwa kabatini hadi 2002.

Nimesikia mengi yakisemwa kuhusu mwaka ule, na mengi ni ya kujitetea. Ni kweli kijana wa Kidigo hakuwa na hati ya shamba la babu yake, na kazi za bandarini aliziona zikipita juu ya kichwa chake. Dhiki hiyo ilikuwepo na bado ipo. Lakini aliyekatwa panga hakuwa mwenye hati wala mwenye kutoa kazi. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, muuza mboga, fundi wa viatu. Wanasiasa waliichukua dhiki ya kweli wakaielekeza kwa jirani, kwa sababu jirani ndiye aliyekuwa karibu na hana mlinzi.

Sasa sikilizeni yule mama anavyoishi. Kabeji zake haziishii Nunguni. Huziuza kwa mwenye lori, na lori huteremka barabara kuu mpaka Kongowea. Anakula kwa mfuko wa watu wa Mombasa hadi leo, na sisi tunakula kwa jembe lake. Hili si jambo jipya. Wakamba walikuwa wakiteremsha pembe za ndovu Pwani kabla ya Mwingereza kuweka mpaka wowote. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa tajiri wa misafara hiyo. Biashara ilitukutanisha mapema. Haikutufundisha kukaa pamoja, lakini ilitukutanisha.

Na serikali ikiamua jambo bila kuuliza, sote huumia pamoja. Mnakumbuka Agosti 2019, lilipotoka agizo kwamba mizigo ya bara yote ipande reli ya SGR? Mombasa tuliandamana kila Jumatatu: madereva, mawakala wa forodha, wenye mabohari. Tulizungumza kana kwamba msiba ni wetu peke yetu. Mwenzangu aliyefiwa alinikumbusha kwamba Salama, Sultan Hamud, Emali na Mtito Andei ni miji iliyoota kando ya matairi ya malori. Lori lisipopita, mama wa chai hana mteja na gesti haina mgeni. Mpwani na Mkamba walipigwa kwa fimbo moja, na sikumbuki kama tulipeana hata pole. Septemba 2022 Rais Ruto, siku ile ile ya kuapishwa, akarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Sawa, tulishukuru. Lakini hilo nalo lilikuwa agizo la kutoka juu.

Lililonifanya niandike haya ni swali la yule mama. Alikuwa akinieleza kwamba yumo katika kamati ya mradi kijijini kwao, na kwamba mkandarasi halipwi hadi kamati ikague kazi na kutia sahihi. Nikadhani anajisifu. Nikauliza watu wengine watatu matangani, wote wakasema ndivyo Makueni inavyoendeshwa: mikutano inaanzia kijijini, inapanda hadi wadi na kaunti, na wanaochaguliwa na wanakijiji ndio wanaosimamia kazi. Mama akanigeukia: "Na huko kwetu Likoni siku hizi, huwa mnaulizwa?"

Alisema *kwetu*. Nilimjibu kwamba hualikwa, tukapewa soda na nakala ya bajeti iliyokwisha kuandikwa.

Tusiwapambe Makueni kupita kiasi. Kaunti hiyo ilikaribia kuvunjika mikononi mwao. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika majengo ya bunge la kaunti pale Wote, gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wakiwa wamegombania bajeti hadi wananchi wakaomba kaunti yote ivunjwe. Tume ikachunguza, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Ni baada ya aibu ile ndipo huduma ya afya ya Makueni kwa shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka ilianza, 2016, na kiwanda cha matunda cha Kalamba kikafuata. Maembe yao yakaingia tena Ulaya 2021 kwa sababu wakulima walikubali kupambana na nzi wa matunda kwa pamoja, eneo zima. Nasi wenye maembe ya Kilifi na Tana River tunayaona yakioza chini ya miti.

Tena wao wana wepesi ambao sisi hatuna. Makueni karibu wote ni Wakamba. Mkutano wa kijiji ni mkutano wa jamaa. Mombasa, watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019, ni kama nchi ndogo: Mswahili, Mmijikenda, Mwarabu, Mhindi, Mbajuni, Mkamba, Mluo. Kila kampeni tunaahidiwa kugeuzwa Singapore, na kila mara anayeahidi anamaanisha bandari na maghorofa. Hataji kwamba Singapore, iliyoona ghasia za kikabila 1964, iliweka mwaka 1989 kiwango cha kila kabila katika nyumba za serikali, ili Mchina, Mmalay na Mhindi wapande lifti moja watake wasitake. Ni sheria kali, na sisemi tuige. Nasema serikali ile ilikubali kwamba ujirani ni kazi yake, kama barabara.

Sisi tuna sheria yetu pia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Hiyo ni ya ajira tu. Haisemi nani aketi kwenye kamati ya kisima Likoni: mwenye nyumba peke yake, au na mpangaji wake aliyetoka Nunguni na ambaye ndiye anayeteka maji pale? Mimi nasema wote wawili, na nasema hivyo nikijua baadhi ya wazee wangu watanuna.

Nilimnunulia kabeji tatu. Akakataa pesa ya moja, akasema hiyo niwapelekee watu wa Likoni, wa Shelly Beach hasa, alikokuwa akiuza. Imefika. Mpokeaji, mama mmoja wa Kidigo wa rika lake, aliuliza jina la aliyeituma, na nilipomtajia akakaa chini kwenye kizingiti.