Chaji Haiishi Yenyewe

"Chaji imeisha." Kauli hii tumeichoka. Karani wa takwimu ametumwa kijiji cha ndani huko Mkalama au Itigi, mkoani Singida, wenye kaya wameacha shughuli zao wanamsubiri, na saa saba mchana kishikwambi kimezimika. Hapo ana njia mbili, zote mbovu: arudi mjini na kazi nusu, au aandike kwenye karatasi kisha usiku ajaze kwa kukumbukakumbuka. Takwimu za namna hiyo ni uongo wenye muhuri.

Ukiuliza dawa, jibu ni lilelile: ofisi inunue pawabenki, ilete sola. Vifaa hivyo vina kazi yake. Lakini mtu wa Singida anayefuata maji mbali anajua kwamba ndoo ikitoboka, huzibwa kwanza, ndipo kitafutwe kisima kingine.

Matundu yenyewe hayana siri. Kubwa ni mwanga wa kioo. Karani anahoji juani, haoni maandishi, anapandisha mwanga mpaka mwisho. Asogee chini ya mti. Kivulini kioo kinasomeka kwa mwanga mdogo, na betri inaepuka joto, ambalo huimaliza kabla ya wakati wake. Kioo kijizime chenyewe baada ya nusu dakika. Mtu akisimulia habari za mifugo yake, hakuna haja kiendelee kuwaka.

Tundu la pili ni mtandao. Mnara ukiwa mbali, kifaa huhangaika kuutafuta kutwa nzima, na kadiri mawimbi yanavyofifia ndivyo kinavyotumia nguvu zaidi. Ya nini? Programu za kukusanyia takwimu zinaweza kuhifadhi majibu ndani ya kifaa. Zima mtandao asubuhi, uwashe jioni, utume kazi yote kwa pamoja. GPS iwashwe pale tu unapochukua alama ya nyumba. Muziki na video vibaki kwenye simu yako.

Haya si mambo madogo. Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na mkoa huu ulihesabiwa watu 2,008,058. Baadaye vishikwambi vile wakapewa walimu. Leo mkulima wa alizeti, mgonjwa wa zahanati na mwanafunzi wote wanaingia kwenye takwimu za serikali kupitia kioo. Kikizimika, wao ndio wanaokosekana kwenye hesabu, na asiyehesabiwa hapangiwi dawa wala dawati.

Hatumbebeshi karani lawama yote. Ofisi nyingi humkabidhi kifaa kama kilivyotoka kwenye boksi, kisha zinashangaa kikizimika. Mafunzo ya siku kadhaa yanazungumzia maswali ya dodoso, na betri haitajwi. Nusu saa ingetosha kupunguza mwanga, kuzima masasisho ya kujiendesha na kuondoa programu zisizohusika. Betri iliyochoka nayo ibadilishwe. Haiponi kwa kuchajiwa mara tatu kwa siku.

Wakuu wa idara na wasimamizi wa takwimu Singida, wekeni sharti moja: kifaa ambacho hakijarekebishwa na kujaribiwa kutwa nzima kisitoke ofisini. Hilo halisubiri bajeti wala mfadhili. Lianze na safari ijayo ya kwenda kijijini.