Ziwa Kivu: nanga za kisasa zinashika vizuri, lakini chini ya maji yetu kuna nini?

Tangu mwezi wa pili 2024, mapigano yalipokata barabara ya Goma–Sake–Minova, ziwa ndilo lilikuwa barabara kwa watu wengi wa Masisi. Maharagi, makala na mihogo vilivyokuwa vinapanda gari kupitia Sake vilizungushwa mpaka Minova, na kutoka pale vikaingia katika boti za mbao kuelekea Goma. Pamoja na mizigo waliingia wenye mizigo: mama wa soko, wanafunzi, wagonjwa, na wakimbizi wa vita.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa nchi kavu waliona kwa macho. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja watu 278 ndani ya chombo hicho, na hesabu ya waliokufa ilibadilika katika siku zilizofuata. Miaka mitano nyuma, mwezi wa nne 2019, boti ingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria wa ziwani avae jile ya kuokolea.

Toka wakati ule, mazungumzo juu ya usalama wa ziwa yanazunguka mambo mawili: jile na mizigo kupita kiasi. Ni sawa, hayo ndiyo ya kwanza. Lakini kuna kifaa cha tatu ambacho wenye boti wanakijua na abiria hawakiulizi: nanga. Motere ikizimika karibu na mawe, upepo ukisukuma, ni nanga tu inabakia kama breki. Na siku hizi wenye boti wanaosafiri mpaka Mwanza, Kampala ao Dubai, na vijana wanaotazama video kwa simu, wanaona nanga za sura mpya na kuuliza: hizi zitatufaa huku kwetu?

Jiwe ndani ya maji si jiwe la nchi kavu

Katika fukwe zetu ni jambo la kawaida kuona jiwe lililofungwa kamba likifanya kazi ya nanga. Halinunuliwi, na likipotea hakuna anayelia. Shida yake ni hesabu. Kila kitu kikiingia majini kinapungua uzito. Jiwe la kawaida la kilo 30 linabakia na nguvu ya kilo 18 ao 19 hivi. Chuma cha kilo 30 kinabakia na kilo 26. Na jiwe la lava lenye matundu, lile ambalo Goma yote imejengwa nalo, linapungua zaidi tena, pengine nusu yake.

Jiwe linashika kwa uzito wake peke yake. Halichimbi. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya boti inaongezeka mara ine. Na boti iliyopandishiwa magunia mpaka juu ni kama ukuta mbele ya upepo. Ndiyo maana boti iliyolala vizuri jioni juu ya jiwe inaweza kukutwa asubuhi imegonga ufuko wa jirani.

Nanga mpya zilitoka wapi

Karibu miaka mia iliyopita watu walianza kutafuta nanga nyepesi inayochimba kuliko nanga nzito inayokaa tu. Mwaka 1933 mwanasayansi wa Uingereza, Geoffrey Ingram Taylor, alitengeneza nanga yenye sura ya jembe la kulimia na ngombe. Alifikiria ndege zinazotua juu ya maji, ambazo haziwezi kubeba chuma kizito. Wakati wa vita kubwa ya pili Mmarekani Richard Danforth alileta nanga ya mabamba mawili bapa, iliyotumiwa na boti za kushusha askari. Miaka ya 1970 Peter Bruce alitoa nanga ya kucha tatu ambayo ilianzia kwenye mitambo ya petroli baharini. Kisha ikaja kizazi kipya: Spade ya Mfaransa Alain Poiraud miaka ya 1990, na Rocna ya Peter Smith wa New Zealand, yenye upinde wa chuma mgongoni unaoigeuza ielekeze ncha chini hata ikianguka vibaya.

Wenye boti waliozitumia huko baharini wanarudia mambo yale yale. Zinaingia ardhini haraka. Upepo ukigeuka usiku, zinageuka nao bila kungoka. Nanga ndogo inafanya kazi ya nanga kubwa ya zamani, na mgongo wa mtu unapumzika. Lakini malalamiko nayo yapo. Zinapanda na ndoo nzima ya matope. Penye majani mengi ya majini zinateleza. Na si kila kinachouzwa kwa jina kubwa ni kizuri: karibu na mwaka 2011 ilijulikana kwamba baadhi ya Rocna zilizotengenezwa China zilikuwa na mkono wa chuma dhaifu kuliko kile kilichotangazwa. Kama hayo yaliwapata wanunuzi wa Ulaya, sisi tunaonunua kitu kisicho na karatasi sokoni tunapashwa kuwa na macho mawili.

Ziwa letu lina tabia yake

Neno kubwa ni hili: nanga hizo zote zilitengenezwa kwa ajili ya muchanga na matope. Kivu ni ziwa la volkano. Kina chake kinafika karibu metre 485, na pwani nyingi zinashuka wima kama ukuta. Mbele ya Goma, lava ya Nyiragongo iliingia mpaka ziwani mwezi wa kwanza 2002. Pale chini ni mawe makali, na jembe halilimi jiwe. Nanga ya bei kali inaweza kuteleza juu ya lava, ao kuingia katika ufa na kukatala kutoka. Mwenyewe anakata kamba, anarudi nyumbani bila nanga na bila pesa.

Upande wa Masisi hali si ile ile kila mahali. Kuanzia Sake kupita Kirotshe mpaka Bweremana, mito na mvua zinashusha udongo kutoka vilimani. Mahali udongo huo umejaa kwenye midomo ya mito, nanga inayochimba ina kazi. Kwa hiyo mwenye boti anayepakia Bweremana na kushusha Kituku anakutana na ardhi mbili katika safari moja, na nanga moja haiwezi kuzitosha zote.

Kwa mawe, ile nanga ya kucha ine ambayo mafundi wa kuchomelea wanaitengeneza kwa vyuma vya beto bado ina heshima yake. Inakamata mwamba. Ikikwama, kucha zinajikunja na inatoka. Wenye uzoefu wanafunga kamba ya pili upande wa kucha, na juu yake wanaweka kibidoni kinachoelea: nanga ikikatala kwa mbele, wanaivuta kwa nyuma. Kwa matope, ya mabamba ao ya jembe inaishinda mbali. Lakini fundi anayeiga jembe kwa kutazama picha awe mwangalifu. Pembe ya ncha na uzito wa mbele ndivyo vinafanya ichimbe. Vikikosewa, utapata chuma kizuri kinachoteleza kama kiatu.

Kamba ndiyo nusu ya nanga

Hapa ndipo wenye boti wengi wanapoteza. Nanga inayochimba inataka ivutwe ikilala, si kwa kuinuliwa. Kama maji ni metre 10, kamba ya metre 12 inaingoa. Kanuni ya mabaharia ni kuachilia kamba mara saba ya kina: kwa metre 10 ni metre 70. Ukiweka mnyororo wa metre chache kati ya nanga na kamba, unasaidia mara mbili. Uzito wake unalaza mvuto, na lava haiukati kama inavyokata nailoni. Mtu anayenunua nanga ya kisasa na kuifunga kwa kamba fupi ya zamani amenunua nusu ya kitu.

Kwenye pwani inayoshuka wima kuna hatari ingine. Upepo ukitoka nchi kavu, boti inavuta nanga kuelekea kilindini. Nanga inatelemka, mwisho inaning'inia bila kugusa kitu. Pale dawa ni kufunga kamba moja kwenye mti ao mwamba wa nchi kavu, na ya pili kwenye nanga. Na usiamini kabla ya kupima: rudisha motere nyuma polepole, chagua alama mbili nchi kavu zilizopangana, mti na nyumba kwa mfano. Alama zikiachana, nanga inatembea.

Na katikati ya ziwa? Pale hakuna kamba inayofika chini. Wavuvi wa sambaza wanajua: usiku wanaelea na taa zao juu ya kilindi. Motere ikifia pale, hatari ni boti kugeuka ubavu kwa mawimbi. Kinachosaidia ni nanga ya majini: kipande cha shitingi kilichoshonwa kama mfuko wazi, ao hata ndoo zenye nguvu, kinafungwa kwa kamba ndefu mbele ya boti. Hakizuii kuelea, lakini kinaifanya pua itazame wimbi. Ni kifaa cha bei ndogo kabisa katika hadisi hii yote.

Kwa wandugu wa Walikale

Kule hakuna ziwa, kuna mito. Lowa, inayokwenda mpaka kumwaga katika Lualaba, inavukwa kwa pirogi kila siku. Katika maji yanayokimbia, kosa kubwa ni kufunga nanga nyuma ao ubavuni: maji yanapanda juu ya mdomo wa pirogi na kuijaza kwa dakika chache. Nanga ya mtoni inafungwa mbele tu, na kisu kiwe karibu cha kukata kamba, kwa sababu miti iliyozama inashika isiachilie. Mara nyingi mti wa ukingoni na kamba nzuri vinashinda nanga yoyote.

Nanga haibebi kosa la mzigo

Tuseme wazi: hakuna nanga ambayo ingenyoosha boti iliyojazwa kupita uwezo wake. Boti nzito juu kuliko chini inapinduka hata kama imeshikwa. Mwenye boti asitumie nanga mpya kama ruhusa ya kuongeza magunia kumi.

Lakini ukaguzi wa bandarini unaohesabu jile peke yake unaacha mlango wazi. Mukaguzi anaweza kuomba kuona vitu vine kwa dakika tano: nanga, urefu wa kamba, mnyororo, na shitingi ya nanga ya majini. Mashirika ya wenye boti yanaweza kununua kamba kwa pamoja, na kukubaliana na mafundi juu ya sura moja iliyojaribiwa Sake na Kituku, mbele ya watu. Boti inayofanya safari ya Bweremana na Goma ibebe nanga mbili: ya kuchimba na ya kucha.

Na wewe mama unayepandisha maharagi yako, una haki ya kumuuliza kapiteni kabla ya kulipa: «Baba, nanga iko wapi, na kamba yake ni metre ngapi?» Kama jibu ni kicheko, ngojea boti ingine. Barabara ikikatika tena, ni maji hayo hayo yatatupitisha.