WAZEE, MSIACHE KISOMO

Ndugu wanakijiji,

Darasa letu la jioni limepungua watu, na waliopungua zaidi ni wazee. Ukiwauliza wanasema, "Katibu, mimi nimeshazeeka, nisome niajiriwe wapi?" Jibu naliweka hapa ukutani. Mzee anasoma ili akili yake isimtangulie kulala.

Mwaka 1968 hadi 1972 mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulifika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa masomo ya kazi zao, kama vile pamba na uvuvi. Wakati ule shabaha ilikuwa maendeleo ya kazi. Leo wataalamu wameongeza sababu nyingine. Ripoti iliyotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Yamo elimu ndogo, upweke, presha, kisukari, sigara, pombe ya kupindukia, kutofanya mazoezi na kutosikia vizuri. Yakishughulikiwa yote 14, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa. Hebu niambieni, lipi kati ya hayo halipo hapa kwetu?

Mfano tunao jirani. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama. Hakukaa tu kivulini kungoja chakula. Alilima, alisoma, alicheza bao, akageuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Mwaka 1996, akiwa na miaka 74, alianza kusuluhisha Warundi.

Basi tufanye hivi:

1. Presha ipimwe zahanati. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, fuata maelezo ya mganga, na dawa usiikatishe eti unajisikia nafuu.
2. Chumvi ipungue. Sigara na gongo tuachane nazo.
3. Shamba dogo, kutembea, bao na kuwasimulia wajukuu viendelee.
4. Asiyesikia vizuri apelekwe kupimwa, maana asiyesikia hujitenga na wenzake.
5. Risiti yako ya pamba isome mwenyewe. Kichwa kitafanya kazi, na hutapunjwa.

La mwisho ni zito. Mzee anayepotea njia ya kwake au anayetembea usiku akisema peke yake huenda ni mgonjwa. Si mchawi! Kanda yetu ya Ziwa imeua vikongwe kwa uzushi huo, na ni aibu yetu sote. Ukimwona mzee wa namna hiyo, mshike mkono, mrudishe kwake, kisha ndugu zake wampeleke hospitali.

Darasa ni Jumatatu na Alhamisi saa kumi jioni, ghala la ushirika. Asiyeona vizuri atakaa mbele. Vijana, wasindikizeni wazee wenu.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Tawi