Gamba Zuri, Chusa Ndani

Maji ya bamvua yanapokupwa hadi matumbawe yakaonekana, watoto wetu huwa hawana mchezo waupendao kuliko kuokota magamba. Wengi wa konokono waokotwao hawana dhara. Yuko mmoja, hata hivyo, ambaye kila mzazi akaaye karibu na Bahari ya Hindi yampasa amjue kwa sura.

Umbo lake lakaribia lile la pia wachezayo watoto, ila gamba ni jepesi na mdomo wake u wazi. Huweza kufikia sentimita 15. Rangi yake ni nyeupe, imetandwa mistari na madoa ya kahawia mithili ya ramani. Na jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, Conus geographus, lakumbusha jiografia. Anapatikana tangu pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Mchana hujificha, usiku huwinda samaki.

Utauliza: konokono, kwa mwendo wake ule, atamkamataje samaki? Hutandaza kinywa kama juya, akamfunika. Kisha humchoma kwa jino lenye uwazi ndani na ncha kama chusa cha mvuvi, lipitishalo sumu. Mwaka 2015 watafiti walieleza kuwa ndani ya sumu hiyo mna aina ya insulini, ishushayo sukari mwilini mwa samaki hata akalegea. Ama kweli, mvuvi huyu hakusomea popote!

Chusa hicho ndicho kimchomacho mtu. Kitabu cha Rumphius kilichochapwa mwaka 1705 kinasimulia habari za mtumwa mmoja wa kike wa Banda, katika Indonesia ya leo, aliyeokota konokono wa ukoo huu wakati juya likivutwa. Alihisi mwasho kidogo mkononi, ukampanda mwilini, akafa. Mwaka 1935, katika kisiwa cha Hayman, Australia, kijana mmoja alimshika kiganjani huku akilikwangua gamba kwa kisu. Hakuimaliza siku ile.

Mchomo wenyewe waweza usiume sana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Baadaye huja ganzi, macho huona ukungu, ulimi huwa mzito, na mwisho misuli ya kupumulia hulegea. Dawa ya kuiua sumu hii haijapatikana.

Gamba tupu, lililokaushwa, halina hatari. Liwekeni sebuleni mkipenda. Lakini lenye mnyama ndani lisishikwe upande wowote, wala lisitiwe mfukoni, kwani jino hilo hupenya nguo. Aliyechomwa alazwe, atulizwe, asichanjwe wala kufyonzwa jeraha, na apelekwe hospitali upesi. Pumzi ikikatika njiani, apuliziwe hewa kinywani bila kuchoka, kwa kuwa sumu huisha nguvu baada ya saa kadhaa, na aliyesaidiwa kupumua muda huo huweza kupona kabisa.