Tarakilishi kijijini: ni nani aliye na ufunguo?

Nilipokuwa likizoni nyumbani mashambani, huko Magharibi, nilipita sokoni kutoa nakala ya hati fulani. Katika kibanda chenye tarakilishi mbili na mashine moja ya kunakili, yaani saiba kama wenyeji wanavyokiita, nilimkuta mzee mmoja pamoja na bintiye aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Walikuwa wamekuja kutazama jibu la ombi lake la nafasi ya chuo. Binti alitaka ualimu. Kumbe ombi lililotumwa kwa jina lake lilikuwa la kozi nyingine kabisa, katika chuo ambacho hajapata kukisikia. Kijana aliyewajazia fomu hapo awali alikuwa ameacha kazi na kuhamia mjini, na nywila, lile neno la siri la kufungulia akaunti, alikuwa ameondoka nayo kichwani. Hata anwani ya barua pepe aliyoitumia ilikuwa yake mwenyewe.

Mzee hakufoka. Alimuuliza tu aliyebaki pale, "Mwanangu, karatasi ya binti yangu inawezaje kuwa mfukoni mwa mtu mwingine?"

"Mzee wangu, mtambo ndivyo ulivyo," akajibiwa.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Si kweli kwamba mtambo ndivyo ulivyo. Ndivyo tulivyouleta kijijini, na kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Sensa ya mwaka 2019 iliwauliza Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi iwapo walikuwa wakitumia tarakilishi na intaneti. Waliotumia tarakilishi walikuwa asilimia 10.4 pekee, na waliotumia intaneti asilimia 22.6. Ukitenganisha miji na mashamba ndipo utakapoona kina cha bonde lenyewe: mijini waliotumia intaneti walikuwa asilimia 42.5, mashambani asilimia 13.7. Bila shaka hali imesogea tangu wakati huo, kwani simu za kisasa zimeenea. Lakini serikali nayo imesogea, tena kwa kasi zaidi. Mnamo Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 katika mfumo wa eCitizen. Mkopo wa masomo huombwa mtandaoni. Kazi ya ualimu huombwa mtandaoni. Mkulima anayetaka nambari ya kulipia ushuru hana karani wa kumwandikia kama zamani. Ana kijana wa saiba, naye hulipwa kwa kila ukurasa. Kwa hiyo asiyejua mtambo hakosi starehe tu. Anakosa nafasi ya kujisemea mbele ya dola yake.

Si kwamba viongozi wetu hawakuliona jambo hili. Katika kampeni za mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto aingiaye darasa la kwanza. Zabuni ya takriban shilingi bilioni 24.6 ikapewa kampuni moja ya India, malalamiko yakazuka, ikafutwa, na mradi ukalala hadi mwaka 2016 ulipofufuliwa kwa sura nyingine: tabuleti badala ya vipakatalishi, zikiletwa na miungano miwili ya makampuni iliyoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Haki lazima itendwe katika kulieleza hili. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, na ili viweze kuwaka, shule nyingi zilipata umeme kwa mara ya kwanza, zile za mbali zikiangaziwa na miale ya jua. Yapo mataifa tajiri kuliko letu ambayo hayajafanya hivyo.

Hata hivyo, nenda ukaulize viko wapi leo. Katika shule moja ya kijijini kwetu viko katika ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma ya mlango wa chuma, vikiwa ndani ya masanduku yake. Mwalimu mkuu si mtu mvivu wala mchoyo. Aliniambia, "Nikivitoa na kimoja kivunjike, nitamwandikia nani barua? Na kikiibwa je, si nitalipishwa mimi?" Visa vya wizi wa tabuleti shuleni viliripotiwa katika sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo hofu yake ina msingi. Serikali ilinunua vifaa kwa mabilioni, lakini ikasahau kumnunulia mwalimu ruhusa ya kukosea.

Tuseme basi mlango ule unafunguliwa kesho asubuhi. Hapo ndipo tutakapogongana na kizingiti cha pili ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni lugha.

Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya nchi hii imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha inayozungumzwa mazingirani mwake katika miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia darasa la nne. Mtaala mpya wa umilisi ulioanza kusambazwa mwaka 2019 haukuitupa sera hiyo. Lakini sera ni kitu kimoja na darasa ni kingine. Ingia katika shule nyingi za chekechea mashambani, hasa za kibinafsi, umsikie mtoto wa miaka minne akiimba majina ya rangi kwa Kiingereza ilhali hajui hata moja ni ipi. Mzazi aliyesimama dirishani hutabasamu, kwa kuwa ameambiwa kwamba hiyo ndiyo elimu.

Sisi wa kizazi cha zamani tulivalishwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, nacho kilizunguka kutoka shingo moja hadi nyingine mpaka jioni, kisha kikahesabiwa kwa viboko. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Sikumbuki kilinifundisha neno lolote la Kiingereza. Kilinifundisha kunyamaza.

Sasa mkabidhi mtoto aliyefundishwa kunyamaza kifaa chenye maandishi ya Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza, isipokuwa pale somo lenyewe linapokuwa Kiswahili. Atagusa picha, atafurahia milio na rangi, na kipindi kitakapokwisha atakuwa amejua kugusa. Tathmini za Uwezo, zilizofanywa nyumba kwa nyumba katika muongo uliopita, zilirudia kuonyesha kwamba watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Mtoto ambaye hajui kusoma hafunguliwi macho na kioo kinachong'aa.

Kusoma kuna utaratibu wake. Mtoto hulinganisha herufi na sauti, kisha sauti na neno analolijua tayari masikioni. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa kama kinavyotamkwa, hivi kwamba aliyejua silabi zake anaweza kusoma ukurasa mzima. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi zile zile hutamkwa hivi hapa na vile pale. Anayeanza na lugha aijuayo huvuka na ufundi wake hadi ya pili. Anayeanza na asiyoijua hubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja.

Kuhusu vifaa vyenyewe tunao ushahidi wa hapa hapa nyumbani, ambao nashangaa hautajwi bungeni. Kabla ya tabuleti za mwaka 2016, mradi wa kusomesha uitwao PRIMR ulifanya jaribio katika Kaunti ya Kisumu. Katika kundi moja la shule, vifaa vya kielektroniki walipewa washauri wanaowatembelea walimu. Katika kundi la pili walipewa walimu. Katika la tatu walipewa wanafunzi wenyewe. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale wa shule ambazo hazikuguswa na mradi. Lakini hakuna kundi lililoyapita mengine kwa kiwango cha kujivunia, na njia iliyogharimu pesa kidogo zaidi kati ya hizo tatu ilikuwa ile ya washauri. Yaani kifaa kimoja mikononi mwa mtu anayezunguka shule nyingi, akimsikiliza mwalimu na kumrekebisha, kilileta faida inayokaribiana na ile ya rundo la vifaa mikononi mwa watoto.

Funzo hilo ndilo lililojenga Tusome, mpango uliosambazwa nchini kote kuanzia mwaka 2015: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa kila mwalimu, tabuleti kwa mshauri, na masomo ya kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza sambamba. Haukuwa na mbwembwe za kampeni. Gharama yake ilitoka kwa sehemu kubwa katika shirika la misaada la Marekani, USAID, ambalo lenyewe lilivunjwa mwaka 2025. Nchi iliyoweza kutafuta mabilioni ya kununua tabuleti haipaswi kumngojea mgeni mwingine amwekee mshauri wa walimu mafuta katika pikipiki.

Naona msomaji fulani ameanza kukunja uso, akidhani nataka watoto wa mashambani wanyimwe Kiingereza huku watoto wa wakubwa wakikinywa kama maziwa. La, hasha. Mzazi wa kijijini anayekililia Kiingereza si mjinga. Anajua mitihani imeandikwa kwa lugha gani, na anajua mahojiano ya kazi hufanywa kwa lugha gani. Ibara ya saba ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mlango wa ofisi bado hufunguka upesi kwa mwenye hicho cha pili. Ninachodai ni kwamba Kiingereza kifundishwe kijijini kama somo, na mwalimu anayekijua barabara, mwenye vitabu vya hadithi vya kuwaazima watoto. Leo hakifundishwi, hutumiwa tu kufundishia mambo mengine, na mwalimu ambaye pengine naye anakipapasa. Mwisho wa mwaka mtoto hana sayansi wala Kiingereza.

Na je, tarakilishi ni mali ya Kiingereza? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyoandikwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Simu nyingi za kisasa zina Kiswahili ndani yake, ila mwenye simu hajaambiwa kipo. Sisi wenyewe tumetumia miaka tukibishana kama chombo hiki kiitwe ngamizi, ambalo masikioni mwa wengi lilikaribia mno maangamizi, au tarakilishi, au kompyuta tu kama jirani zetu wa Tanzania walivyoridhika. Mwanakijiji hana shida na jina. Shida yake ni kwamba hakuna aliyemketisha mbele yake.

Ukitaka kujua kwamba anaweza, tazama M-Pesa. Ilipoanza mwaka 2007 hapakuwa na kampeni ya kuwafundisha akina nyanya Kiingereza kwanza. Huduma ilikuja katika simu waliyokuwa nayo, ikampa mtumiaji nafasi ya kuchagua Kiswahili, na karibu na kila soko akawekwa wakala wa kuulizwa maswali. Leo ajuza asiyewahi kukanyaga darasa hutuma karo ya mjukuu, hutunza nambari yake ya siri, na humkemea anayetaka kuichungulia. Hakuwahi kuhudhuria kozi ya tarakilishi, ilhali alilojifunza ndilo hasa lililomkosa yule binti wa sokoni: kwamba neno la siri ni lako na halikai kwa mtu mwingine.

Vituo tumevijaribu pia. Vile vya Pasha, vilivyoanzishwa kwa mikopo baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, vingine vilifungwa kwa kuwa mwenye kituo alitakiwa alipe mkopo, umeme na intaneti kutokana na wateja wasiojua walichoijia. Serikali ya sasa imeahidi vituo vya kidijitali katika kila wadi, nazo wadi ni 1,450. Sina ugomvi na majengo. Nauliza atakayeketi ndani yake ni nani, atalipwa na nani mwaka wa tatu, na mama aliyekuja na kitambulisho chake mkononi atahudumiwa kwa lugha gani.

Wakati tunangoja vituo hivyo, shule ile ya kijijini kwetu ina umeme, ina vyumba vinavyobaki vitupu kuanzia saa kumi alasiri, na ina vijana wawili majirani waliohitimu chuo ambao hawajapata kazi. Masanduku yenye tabuleti yangali katika ofisi ya mwalimu mkuu. Binti wa sokoni angeweza kuketi hapo jioni tatu, akafungua anwani yake mwenyewe ya barua pepe, akaandika nywila yake katika daftari lake, na kuisoma fomu yake kabla ya kuituma. Babake angeketi kando na kuelezwa kwa Kiswahili kila neno lina maana gani. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba yuko tayari. Anachosubiri ni barua ya wizara isemayo kwamba kifaa kikiharibika mikononi mwa anayejifunza, hatakatwa mshahara.