Kimya cha Makaburini na Kimya cha Darasani

Wasomaji wetu watuwie radhi tukianza na senema. Tangu utotoni tumeipenda moja ya kikauboi, The Good, the Bad and the Ugly, iliyoongozwa na Mwitalia Sergio Leone mwaka 1966, nasi hatuoni haya kusema kwamba tungali tunaipenda. Tuliiona mara ya kwanza katika banda la video hapa Chang'ombe, Dodoma, tumebanana juu ya mabenchi ya mbao, naye msimulizi akitueleza kwa Kiswahili yote yaliyosemwa na mengi yasiyosemwa. (Hakuwakosea heshima wenye picha: waigizaji wale walisema kila mtu kwa lugha yake, na sauti zikatiwa baadaye.)

Ilipofika sehemu ya makaburini, ambapo Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach wanasimama mbalimbali, kila mmoja akiwapima wenziwe wawili kwa macho, halikusikika neno. Ulisikika muziki wa Ennio Morricone tu. Msimulizi naye aliweka chini kipaza sauti. Hapo ndipo banda zima lilipofikiri: nani atamlenga nani?

Twayasema haya kwa sababu walimu tunaowaandaa wanakiogopa kimya, na sisi wakufunzi ndio tuliowatia hofu hiyo. Mwalimu tarajali huuliza swali, na kabla watoto hawajavuta pumzi amekwisha kulijibu mwenyewe, au ameridhika na "Ndiyo, mwalimu" ya darasa zima. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu aliowachunguza walisubiri jibu kwa sekunde 1 hivi. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wanafunzi waliodhaniwa wazito walichangia zaidi. Hatusemi kwamba ni kazi nyepesi mbele ya darasa lililofurika. Twataka tu kimya kijaribiwe, na fomu ya tathmini isikihesabu kuwa kosa.

Sisi wenyewe tulikihesabu hivyo. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliuliza kwa nini mtama hustahimili ukame kuliko mahindi, kisha akanyamaza, akiwatazama watoto mmoja mmoja. Tukaandika: "Mwalimu amekwama." Mtoto wa dawati la nyuma akasimama akajibu, na darasa likampigia makofi. Jibu lake hatulijui, kwani tulikuwa tungali tunaandika.